Kujiamini kwa Mtoto na Amana ya Wazazi

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno kujiamini lina shina moja na maneno imani, amana na mwaminifu. Jambo hili lina mafunzo ndani yake. Mtu huaminiwa kwanza na wengine, kisha ndipo hujiamini mwenyewe. Hakuna mtoto azaliwaye akiijua thamani yake. Huisoma katika nyuso za wale wamleao, na katika mambo wanayomkabidhi au kumnyima. Basi swali tunalotaka kulitazama ni hili: je, mtoto asemaye wazi analolifikiri mbele ya wakubwa amekosa adabu, au ndiye hasa aliyelelewa vema?

Kata ya Kizota, katika mji wa Dodoma, inajulikana nchini kwa ukumbi mkubwa ambamo Chama cha Mapinduzi kilifanya Mkutano wake Mkuu mwezi Novemba 2012. Watu walitoka kila pembe ya nchi wakaja huko kusema na kusikilizwa. Walakini ingia katika nyumba nyingi, za Kizota hiyo hiyo au za mji wowote wa Tanzania, umwulize mtoto jina lake: hutazama chini, huchora ukuta kwa kidole, na mama yake ndiye ajibuye. Kisha wazazi hutabasamu na kusema, "Mtoto wetu ana haya." Haya ni pambo la mwenye imani, wala hatulikanushi. Lakini haya ni jambo moja na woga ni jambo lingine. Mwenye haya huliacha ovu kwa kumwonea Mwenyezi Mungu soni. Mwenye woga huliacha hata jema kwa kuhofu kiboko au kicheko cha watu.

Wazee wa Ugogo walikuwa na njia yao ya kumtoa mtoto katika woga. Alipokuwa mdogo alikabidhiwa ndama na watoto wa mbuzi karibu na nyumba. Alipokua akapewa mbuzi. Baadaye akapewa ng'ombe na kwenda nao mbali. Tukumbuke kwamba nchi ile ni kame, na msimu wa mvua ni mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Mavuno ya mtama na uwele yakikosekana, mifugo ndiyo akiba ya jamaa nzima. Basi baba aliyempa mwanawe fimbo ya kuchungia alimkabidhi hazina ya nyumba. Hakuwa na haja ya kumwambia maneno matamu kwamba yeye ni hodari. Ile amana ndiyo iliyosema. Na jioni mifugo ilipohesabiwa zizini, mtoto alijua mwenyewe kwamba ametimiza kazi ya kweli.

Hatusemi kwamba watoto waachishwe shule wakachunge. Elimu ni haki yao, na wako waliodhulumiwa haki hiyo kwa sababu ya machunga. Tunasema tu kwamba zizi lilikuwa na somo, na tunauliza somo hilo limekwenda wapi. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973. Serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji. Palipokuwa na mashamba na malisho sasa pana nyumba na maduka. Mtoto wa leo aamkapo hukuta amri tu: kaa, nyamaza, soma. Amana pekee aliyo nayo ni mtihani, na akianguka hudhani kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeanguka. Wengi waliokuwa wasemaji hodari katika shule ya msingi, ambako walifundishwa kwa Kiswahili, hufika Kidato cha Kwanza wakakuta Kiingereza, wakawa mabubu kwa kuhofia kuchekwa.

Hapo ndipo inapotupasa kumkumbuka mwana wa Dodoma, marehemu Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917. Yeye alikuwa Mgogo, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo akawa miongoni mwa washairi mashuhuri wa lugha hiyo. Ndiye aliyezieneza ngonjera, zile tungo za kujibizana ambazo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilitumika sana mashuleni. Watoto husimama mbele ya watu, mmoja akauliza au akapinga, mwenzake akamjibu, mpaka mwishowe wakapatana. Tazama hekima iliyomo: yule asiyejua hafukuzwi wala hachapwi, bali hujibiwa mpaka afahamu. Laiti mazungumzo ya nyumbani yangekuwa hivyo! Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Mtoto asiyetunzwa kwao atacheza wapi?

Wako wazazi wanaohofu kwamba kumsikiliza mtoto ni kumfundisha jeuri. Na waitazame mifano ya mitume. Nabii Ibrahimu a.s. alipoona katika ndoto kwamba anamchinja mwanawe, hakumkamata kwa nguvu. Kurani Tukufu yatueleza kwamba alimweleza kijana ndoto ile, kisha akamwuliza ana maoni gani. Kijana aliyeulizwa ndiye aliyejibu kwa utii mkubwa kupita wote. Na imesimuliwa katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliletewa kinywaji, na kuumeni kwake alikuwapo kijana mdogo na kushotoni walikuwapo wazee. Akamwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa, kwa kuwa hakutaka kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Mtume s.a.w. hakumkemea, bali alimtia chombo mkononi. Kama lile "sikubali" lilikuwa utovu wa adabu, ni nani aliyestahili zaidi kumrudi?

Tena ukimya wa watoto una hatari ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa hapingwi kamwe atampinga vipi mkubwa mwovu atakaye kumharibu? Na akiisha kudhuriwa, atamwambia nani, ikiwa kila alipofungua kinywa aliambiwa nyamaza? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Lakini sheria haiingii chumbani usiku kumwuliza mtoto kwa nini analia. Kazi hiyo ni ya baba na mama.

Nanyi ndugu mlioacha njia za mababu mkaifuata haki mliyoiona, mwajua wenyewe ilivyohitaji moyo kusimama peke yenu mbele ya jamaa. Je, mwawapa watoto wenu moyo huo, au mwawapa dini tu bila ya moyo? Mtoto asaliye kwa kumwogopa baba ataacha sala siku ile atakapokwenda kuishi mbali na baba. Aliyeruhusiwa kuuliza, akajibiwa kwa subira, huondoka nyumbani na imani iliyo yake mwenyewe.

Basi yafaa tufanye nini? Kwanza, tumkabidhi mtoto kazi ya kweli kwa kadiri ya umri wake: kuku wa kuwatunza, fedha za sokoni za kuzihesabu, mdogo wake wa kumfundisha kusoma. Pili, akikosea, tulirudi kosa lake tusimtukane yeye. Glasi iliyovunjika haimfanyi mtu kuwa mjinga, lakini neno "mjinga" likirudiwa kila siku laweza kumfanya auamini ujinga huo. Tatu, tusimsifu kwa uongo, maana mtoto huitambua sifa ya bure, na ile asiyoitambua humtia kiburi. Mwenye kiburi hujiona mkubwa kwa kuwadharau wengine. Mwenye kujiamini hana haja ya kumdharau mtu, naye aweza kusema "nimekosa" bila kuvunjika. Huyo ndiye mwenye adabu.

Wala kujiamini huku hakupingani na kumtegemea Mungu. Nguvu zetu na akili zetu ni amana yake kwetu, na mwenye kudharau amana hamheshimu aliyemkabidhi. Yeye ametuamini sisi watu dhaifu hata akatukabidhi roho za watoto. Nasi tusiogope kuwakabidhi ndoo ya maji, na zamu yao ya kusema.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wazazi ambao watoto wao huwaheshimu bila ya kuwahofu, na huwaambia kweli hata iliyo chungu. Amin.