Machozi ya Muuza Ndizi

Huku Minneapolis siku huanza na koleo: kuondoa theluji mlangoni, kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Katika baridi ya namna hii, Novemba 2024, nilisikia habari iliyonikosesha usingizi. Mnada wa Sotheby's, New York, uliuza ndizi iliyobandikwa ukutani kwa utepe, kazi ya Maurizio Cattelan, kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi, tajiri wa sarafu za kidijitali, akaila siku chache baadaye, Hong Kong, mbele ya waandishi.

Ndizi yenyewe ilitoka kwenye genge la matunda la barabarani. Bei yake senti 35. Mzee aliyeiuza, mhamiaji kama mimi, alipoambiwa ilikofikia alilia.

Mimi nimezaliwa Bukoba, ambako mkungu hubebwa kichwani kupelekwa kwenye msiba. Ndizi naijua thamani yake. Machozi ya yule mzee nayaelewa zaidi.

Leo ukipita kwa muuza matunda wa mtaani kwako, msalimie, nunua, wala usimwombe apunguze bei.