Wasia na Malumbano: Kuhusu Kubishana na Mzazi juu ya Siasa

Tungo za wasia zina nafasi ya heshima katika fasihi ya Kiswahili. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi mnamo mwaka 1858, naye Shaaban Robert akamtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Katika tungo hizi mzazi hunena na mwana husikiliza. Jambo ambalo halijatiliwa maanani ya kutosha, kwa maoni yetu, ni kwamba fani ya wasia haina mahali pa jibu. Hatuna utenzi wa Mwana Hashima wa kumjibu mamake. Inafaa ikumbukwe pia kwamba Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na dola ya Sayyid Said. Nyumba hiyo ilijua siasa kwa damu, ilhali nasaha alizopewa binti zinahusu dini, adabu na maisha ya ndoa.

Kwa upande mwingine pana malumbano. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa katika uhasama. Siasa ndiyo iliyokuwa kiini cha mashairi yao, na maneno yalikuwa makali. Hata hivyo malumbano ni ya watu wa hirimu moja, au angaa watu waliokubali kuhesabiana kuwa sawa. Mtoto halumbani na babake. Akithubutu, jamii huliita tendo hilo kwa jina jingine, nalo ni utovu wa adabu.

Makala haya yanadhamiria kuuliza swali la kimaadili linalozuka baina ya fani hizi mbili. Mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima anapohitilafiana na mzazi ampendaye kuhusu mambo ya nchi, je, wajibu wake ni kunyamaza au kusema?

Hatuna budi kwanza kuiweka kando hali iliyo nyepesi. Fasihi yetu imejaa wazazi ambao kushindana nao hakumgharimu msomaji chochote. Maksuudi katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed ni baba dhalimu na mwanasiasa mlaghai, na mwanawe anapomgeuka sisi tunashangilia. Mwandishi amekwisha kutuamulia kesi. Wahakiki nao tumezoea kumfanya baba wa namna hiyo kuwa ishara ya ukoloni mamboleo, ya ubwanyenye, ya mfumo wa kuumeni, na kadhalika (mwenye kalamu hii amewahi kusahihisha tasnifu tatu za aina hiyo katika muhula mmoja). Ugumu huanza pale ambapo mzazi si dhalimu hata kidogo, bali ni mtu mwema mwenye rai tunayoamini kuwa haifai.

Naomba ruhusa ya kutoa mfano wa nyumbani. Babangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Mwaka 1988 alipiga kura ya mlolongo. Wasomaji vijana waelezwe kwamba katika mchujo wa KANU mwaka huo wapigakura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kura ya siri. Babangu alisimama katika foleni aliyoambiwa asimame na mtu aliyekuwa na uwezo wa kumwambia. Hajapata kulificha jambo hilo wala kulijutia. Alikuwa na watoto saba na mshahara mmoja. Falsafa yake ya siasa ameifupisha mara nyingi kwa maneno yake mwenyewe: serikali ni kama mvua, huilaumu, unaezeka paa.

Ni rahisi kuiita falsafa hiyo woga. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeupuuza ushahidi. Babangu akitaka kunyamazisha mtu hana haja ya nadharia, hutaja majina. Tom Mboya, 1969. J. M. Kariuki, 1975. Robert Ouko, 1990. Huongeza kwamba Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Hofu ya mtu wa rika lake ni maarifa yaliyokusanywa kwa macho na masikio, katika vyumba vya walimu ambamo hapana aliyejua nani angepeleka habari kwa nani. Anapotuambia tunyamaze anatupa kitu alichokilipia.

Lakini maarifa ya zama fulani si kanuni ya zama zote, na hapa ndipo tunapofarakana. Kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kiliondolewa Desemba 1991 kwa sababu wapo waliokataa kuezeka paa. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inampa raia, katika Kifungu cha 37, haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Nilipomwambia hayo, jibu lake lilikuwa swali: “Mwanangu, hao waliosema, walisomesha watoto wa nani?”

Swali hilo ndilo zito kuliko yote katika mjadala huu. Elimu inayoniwezesha kumsahihisha babangu ililipwa kwa mshahara ambao foleni ya 1988 iliulinda. Je, mwenye kula matunda ana haki ya kuulaani mti? Yapo maoni kwamba deni hilo linamfunga mwana mdomo. Sisi hatukubali. Deni halinunui kauli ya mdaiwa. Lingekuwa linanunua, mtu angelazimika kuamini kila alichoamini aliyemlisha. Lakini deni lina sharti lake: linataka tofauti isemwe mbele ya mdai. Msomi anayemdhihaki mzazi wake mbele ya wanafunzi kuwa ni masalia ya Nyayo, kisha akifika nyumbani wakati wa likizo anaitikia “ndiyo, Baba” kwa kila neno, amemkosea heshima mara mbili. “Ndiyo, Baba” ya aina hiyo ni adabu kwa umbo na dharau kwa maudhui. Humfanya mzee kuwa mtoto wa kubembelezwa, mtu ambaye rai yake haina uzito wa kupingwa.

Fauka ya hayo, pana sababu ya kihistoria inayofanya suala hili liwe chungu hasa nchini Kenya. Dola yetu iliazima lugha ya nyumbani. Rais wa kwanza aliitwa Mzee na Baba wa Taifa. Wa pili alijenga utawala wake juu ya Nyayo, yaani mwana afuataye hatua za mzazi, na mwaka 1984 akawataka mawaziri na viongozi wengine waimbe wimbo wake kama kasuku. Kumpinga rais kukawa sawa na kumtusi baba, na laana iliyokuwa silaha ya wazazi ikakabidhiwa wakuu wa wilaya. Mwana anapobishana na baba halisi huwa anapambana pia na baba huyo wa kuazima, na mara nyingi mmoja huadhibiwa kwa makosa ya mwingine. Kuwatenganisha hawa wawili ni kazi ya lazima. Mamlaka ya babangu juu yangu yametokana na mikono yake. Mamlaka ya serikali yanatokana na kura yangu, na yanaweza kuondolewa kwa kura hiyo hiyo. Nikiweza kumwambia babangu “hapo, Baba, umekosea” na bado nikamtilia chai, basi nimekwisha kuonyesha kwamba kupinga si kulaani.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Katika malumbano ya kishairi kuna desturi kwamba anayejibu huchukua bahari na vina vya aliyemwanza. Hamwambii mwenzake “acha vina vyako, njoo kwenye vyangu.” Desturi hii ina mafunzo kwa suala letu. Kwa muda mrefu nilimjibu babangu kwa vina vya haki, katiba na demokrasia, navyo vilipita juu ya kichwa chake kama matangazo ya redio ya nchi nyingine. Vina vyake ni mshahara, watoto na amani. Juni 2024, vijana walipoandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, nilimkumbusha kwamba mwaka 1997 walimu waligoma nchi nzima naye akiwemo.

“Ule ulikuwa mshahara,” akasema, “haikuwa siasa.”

Nikamwambia kwamba mswada huo ulikuwa umependekeza kutoza mkate ushuru wa asilimia 16, na mkate pia ni mshahara. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Sisi hatukuingia Bungeni.”

Hilo ni jibu la haki, kwa vina vile vile. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada. Mimi naona ushindi uliolipiwa kwa damu isiyostahili kumwagwa. Yeye anaona damu tu.

Kuna mpaka, hata hivyo, ambapo adabu ya malumbano haitoshi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na katika nyumba nyingi wazazi waliokuwa wapole walizungumza juu ya majirani kana kwamba si binadamu. Hitilafu kuhusu busara, kama vile iwapo inafaa kuandamana au kungoja, yaweza kuahirishwa hadi mzee apone au wajukuu waende kulala. Hitilafu kuhusu nani ni mtu haiahirishiki, kwa kuwa kimya cha mwana hulipwa na jirani. Mzazi anayezuia radhi zake kwa sababu mwanawe amekataa kuchukia hana radhi za kuzuia. Tunalisema hili tukijua vyema kwamba zipo familia za mchanganyiko ambazo hazijapatana tangu wakati huo.

Babangu hakuwa mmoja wa hao. Mwezi ule alilaza familia ya jirani nyumbani kwake kwa siku tisa, na hata leo hakubali kwamba tendo hilo lilikuwa la kisiasa. Swali lake la mwisho kwangu, wiki ile ya Juni, lilikuwa kama ningemruhusu mwanangu mwenyewe aende barabarani. Nilimjibu kwamba mwanangu ana miaka 19 na hakuniomba ruhusa. Jibu hilo halikumridhisha, na sidhani lilipaswa kumridhisha.