Je, Yamfaa Mtu Mzima Kupanda Baisikeli kwa Kujifurahisha?

Ndugu mmoja katika darasa letu, mtu wa duka na mwenye watoto watano, alitungojea baada ya wenziwe kuondoka, akatuuliza: "Shekhe, daktari ameniambia niutikise mwili. Kukimbia siwezi kwa sababu ya magoti. Nimefikiri kununua baisikeli, lakini naona haya, na nafsi yaniambia kuwa ni kupoteza wakati. Je, jambo hili lamfaa mtu kama mimi?"

Kwanza tulitabasamu, kisha tukaona kuwa swali hili si dogo. Kwani ndani yake mna swali la zamani: mwili wa mtu ni mali yake, au ni amana aliyowekewa? Na saa isiyoleta fedha, je, ni saa iliyopotea?

Natuanze na haya, kwani ndiyo iliyomkaba zaidi. Hapa Eldoret baisikeli tangu zamani ni chombo cha kazi. Imebeba maziwa, makaa na magunia ya mahindi. Na kabla ya pikipiki kuenea baada ya mwaka 2008, ilibeba na abiria pia. Hata jina la bodaboda lilizaliwa juu ya baisikeli, katika mpaka wetu na Uganda. Basi mtu akipata kidogo, huiacha baisikeli akanunua gari. Na akionekana juu yake tena, watu hudhani amefilisika. Sisi wenyewe tulipopanda kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na zaidi, jirani alituuliza kwa huruma: "Shekhe, gari limeharibika?" Tukamjibu kuwa gari ni zima, aliyeharibika ni mwenyewe.

Haya ya kweli ni kuona haya kwa jambo ovu. Ama kuona haya kwa chombo cha maskini, hiyo si haya, bali ni kiburi kilichovaa kanzu ya haya. Anayeogopa kudhaniwa kuwa ni mchukuzi wa maziwa, na ajiulize kwanza yeye humwonaje mchukuzi wa maziwa.

Tena ni ajabu kuwa haya hii imekaa katika mji kama huu. Uwanja wetu waitwa kwa jina la Kipchoge Keino, aliyechukua dhahabu Mexico mwaka 1968. Watu hutoka Ulaya wakaja Iten kufanya mazoezi. Wala si mbio za miguu peke yake: Suleiman Kangangi, mwana wa Eldoret, alikuwa wa tatu katika mashindano ya baisikeli ya kuizunguka Rwanda mwaka 2017, akafariki mashindanoni huko Vermont, Marekani, mwaka 2022. Lakini sisi tulio wengi twajifakhiri kwa miguu ya watu wengine. Twapanda ngazi ya ghorofa ya pili tukihema, kisha twasema mji wetu ni mji wa mabingwa. Sifa ya jirani haipunguzi sukari katika damu ya mtu.

Ama kuhusu wakati, natufanye hesabu. Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima autumikishe mwili kwa wastani dakika zisizopungua 150 kwa juma. Hizo ni saa mbili na nusu, na juma zima lina saa 168. Asemaye kuwa hana saa hizo, na azihesabu alizozitumia barazani na katika simu. Tena akumbuke kuwa siku atakapolala kitandani, wakati aliosema hana utachukuliwa kwa mkewe na wanawe watakaomwuguza. Kumbe hakuwa akitumia mali yake. Alikuwa akikopa kwa jina lao.

Lakini hoja hii yakata pande mbili. Wako wanaotoka asubuhi ya mapumziko wasirudi ila alasiri, na mzigo wote wa nyumba ukabaki kwa mke. Wako wanaonunua baisikeli ya thamani kubwa na mshahara wa mtumishi wao haujalipwa. Hao hawakupata afya, bali wameiba. Basi kipimo ni hiki: ni nani anayeilipa saa yangu? Nikiilipa mwenyewe, kwa kuacha upuuzi wangu, ni yangu. Akiilipa mwingine, sina budi kumwomba idhini, na kumrudishia saa kama hiyo. Kwani mke naye ana mwili, naye yampasa apate saa yake.

Wala tusidhani kuwa saa hii ni dawa tu. Lau daktari asingesema neno, bado ingefaa. Mtu si mkokoteni, hata thamani yake ipimwe kwa mzigo aliobeba. Anayepanda baisikeli polepole asubuhi huwaona watu anaowapita kila siku kwa gari asiwaone, akawasalimu nao wakamwitikia. Faida hii haiandikwi katika daftari la duka.

Sasa atakaye kuanza na aanze kwa uchache. Baisikeli kuukuu yatosha, maadamu breki zake zashika. Kiti kiinuliwe hata mguu ukaribie kunyooka pedali ifikapo chini, magoti yapate nafuu. Avae kofia ngumu na shati la rangi ya kung'aa. Aiepuke barabara kuu ya Uganda, yenye matrela yaendayo Malaba, atafute njia tulivu kukisha pambazuka. Mji wetu uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,100, na hewa yake ni nyepesi. Basi akishindwa kusema maneno mawili bila ya kuhema, apunguze mwendo. Dakika ishirini, mara tatu kwa juma, zatosha mwezi wa kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo na amwulize daktari wake kwanza.

Kwa ndugu yetu twasema: nunua, na usione haya. Ukikutana njiani na mchukuzi wa maziwa, wewe ndiwe uanze kumsalimu. Naye akikupita kilimani na mzigo wake, usimkimbize. Kuenda mbio si kufika. Mwenyezi Mungu atupe sote tawfiki.