Picha ni Amana

Je, picha ni mali ya aliyeipiga au ya aliyepigwa? Swali hili li hai tangu 1839, ilipotangazwa Ufaransa kuwa nuru yaweza kuandika sura juu ya bamba. Watu wengi husema mwenye kamera ndiye mwenye mali. Sisi wa Tezo tuna sababu ya kuipima kauli hiyo.

Wamijikenda huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki nguzo za kuchongwa, ziitwazo vigango, ili roho zao zitulie. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mtaalamu kutoka Marekani, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vigango vikaibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa kuwa katika makumbusho ya Marekani. Cha pili kikaonekana katika makumbusho mengine. Picha ile ikawa shahidi asiyehongeka, na kufikia 2007 vyote vilikuwa vimerudishwa Kenya.

Mwizi na mpiga picha wote waliondoka na kitu kwa mzee yule. Mmoja alichukua mali. Mwingine alichukua amana, akairejesha ilipohitajiwa. Kijana, ushikapo kamera, jiulize wewe u yupi.