Tunu ya Arusi ya Mbali

Arusi ikifanyika Chumbageni, mgeni haondoki mkono mtupu. Hutoka na kipande cha halua, au visheti, au kashata katika kifuko; na wanawake hutoka na kikuba cha asumini na rehani kinachoacha harufu nguoni hadi kesho yake. Hakuna aipimaye tunu hiyo. Swali huzuka pale kijana wa mtaa anapooa Masikati, waliko jamaa wengi waliohama visiwani baada ya 1964, au anapooa Hamburg, na mashangazi na mabibi wakabaki Tanga kwa kukosa nauli au viza. Je, wana wajibu wa kupeleka tunu? Na kama hawana, mbona wanakesha jikoni?

Mwenye kutumia mizani ya sokoni ana jibu jepesi. Masikati ni mji wa halua. Kuipelekea halua kutoka Tanga ni sawa na kupeleka chumvi baharini. Mzigo wa ndege nao una kilo zake, na kilo inayozidi huweza kulipiwa kuliko thamani ya sukari na samli iliyomo. Basi na zitumwe fedha kwa simu, maarusi wajinunulie wapendacho. Hesabu hiyo haina kosa, ila inadhani kuwa tunu ni utamu tu.

Katika arusi ya nyumbani, mkono unaogawa ndio unaomtambulisha mwenyeji. Shangazi apitaye na sinia hahitaji kujieleza yeye ni nani. Arusi ikihamia ugenini, wazee huvuliwa cheo hicho bila ya mtu kukusudia: wageni si wao, maana hawakufika, wenyeji si wao, maana ukumbi umekodiwa na wengine. Hubakia kutazama picha katika simu. Kifuko kilichotoka jikoni mwao huwarudishia uenyeji.

Sheria ya ndoa ya Kiislamu, ambayo wengi wa pwani hiyo huifuata, imekwisha kuzoea jambo la namna hii. Walii asiyeweza kuhudhuria humweka wakili, na bwana arusi naye aweza kupokelewa ndoa na wakili wake. Lakini wakili hutaja anasema kwa niaba ya nani. Asipotaja, maneno yake ni yake. Vivyo hivyo visheti vilivyomwagwa katika sahani ya hoteli, kando ya keki, bila ya neno lolote: vimeliwa, na aliyevikaanga hakuhudhuria. Kikaratasi chenye majina ya waliovipika kingefaa zaidi kuliko utepe wa dhahabu, ambao siku hizi hugharimu zaidi ya kilichomo.

Kikuba, kwa masikitiko ya wapenda harufu, hakivuki kirahisi. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila mmea mbichi uliomo katika mzigo wa msafiri, maua yakiwemo. Yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nazi inapita, asumini inazuiwa! Wapo watakaoshauri kukificha kikuba ndani ya kanga, kwani ni kitu kidogo.

Hapo ndipo anapotajwa mtu ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni mbebaji. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 350 kwa basi, kisha ndege. Uwanjani huulizwa kama mzigo ameufunga mwenyewe. Aliyepewa kifurushi kilichokwisha kushonwa, saa ya kuondoka, mbele ya wazee asioweza kuwakatalia, ama atasema uongo ama atafungua vya watu hadharani. Kutoa ni moyo, lakini moyo huo haufai kuchukua ruhusa ya mwingine. Amana hufungwa mbele ya mwenye kuibeba, hupimwa kabla ya kuombwa, naye huachiwa njia ya kusema hapana bila ya kununiwa.

Halafu kuna fungu la upande wa pili, ambalo maarusi wa ughaibuni hulisahau wepesi. Jirani wa Chumbageni aliyeazima sufuria yake na kukuna nazi mpaka usiku wa manane hakuonja arusi ile. Mbebaji aliporudi, alirudi na begi jepesi.