Mwana Aliyemwona Baba Yake Akiiba

Amri ya nne ya Mungu tunaijua sote tangu siku za katekisimu: tuwaheshimu baba na mama. Amri ya saba tunaijua vilevile: tusiibe. Tumezoea kuzisoma mbalimbali, kila moja mahali pake. Lakini je, anayeivunja amri ya saba akiwa ni baba yangu mwenyewe, tena ameivunja mbele ya macho yangu, ile amri ya nne inanidai nini? Heshima ya mtoto ni malipo ya wema wa mzazi, hata wema ukikoma heshima nayo ikome? Ama ni deni la namna nyingine?

Swali hili limeulizwa vizuri kuliko katika vitabu vingi na filmu moja ya Italia, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Jina lake ni Ladri di biciclette, maana yake Wezi wa Baisikeli. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filmu 45 zinazostahili kukumbukwa, na hii imo. Wala msidhani imewekwa humo kwa kuwa inatusifu sisi watu wa kanisa. Kanisa linaonekana mara moja, na wakubwa wa mji wamewakusanya maskini humo: wanyolewe ndevu, wasali, kisha ndipo wapewe supu. Mwenye kucheka na acheke, lakini ajiulize pia.

Mji ni Roma. Vita imekwisha majuzi, kazi hazipatikani. Antonio Ricci anaitwa kupewa kazi ya kubandika matangazo ukutani, na sharti ni moja tu: awe na baisikeli. Anayo, lakini ameiweka rehani. Mkewe Maria anavua mashuka ya vitanda vyao, wanayapeleka rehani, na baisikeli inatoka. Tunamwona mtumishi wa nyumba ya rehani akipanda na furushi lile hata juu kabisa, na rafu zimejaa mashuka ya watu wengine toka chini mpaka darini. Hakuna anayeeleza kitu. Ukiona rafu zile umeujua mji mzima. Siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi, kijana anainyakua baisikeli na kutoroka nayo. Msomaji wa Goma, anayemwona kila siku mtu akisukuma chukudu yake yenye magunia, hahitaji kuelezwa kwamba kilichoibiwa hapo si chuma na matairi. Kimeibiwa chakula cha nyumba nzima.

Jumapili yote Antonio anaitafuta, na mwanawe Bruno, mtoto wa miaka kama minane, anamfuata nyuma. Bruno huyu si mtoto wa kubebwa. Anafanya kazi kwenye pampu ya petroli, anaijua baisikeli ile kila alama yake, na asubuhi kabla ya kutoka anafunga dirisha ili mwanga usimwamshe mdogo wake. Tazameni sasa yanayotokea. Kadiri baba anavyoitafuta baisikeli, ndivyo anavyomsahau mtoto. Mvua inanyesha, Bruno anateleza na kuanguka, baba hana habari, mpaka anapomwona amechafuka ndipo anauliza kumetokea nini. Baadaye mtoto anasema neno lisilompendeza, na baba anampiga kofi. Bruno analia, anakataa kutembea karibu naye, anamtisha kwamba atamwambia mama.

Antonio anamwacha karibu na daraja, anakwenda peke yake. Mara anasikia makelele: kijana anazama mtoni! Anakimbia akiliita jina la mwanawe. Aliyeopolewa si Bruno. Bruno yuko juu ya ngazi za mawe, mzima, ameketi. Nadhani hapa ndipo penye moyo wa filmu yote, kupita hata mwisho wake. Mtu aliyekuwa akilia kwamba amepoteza kila kitu anafahamu kwa dakika moja kwamba bado hajapoteza kitu. Anampeleka mtoto katika mkahawa, wanakula pamoja, anamtilia hata divai kidogo. Lakini penye meza ile ile anaanza kuhesabu mshahara ambao angeupata, na uchungu unarudi. Ndivyo tulivyo.

Jioni, nje ya uwanja wa mpira, baisikeli za watu zimepangwa safu kwa safu, na nyingine moja imeegemezwa penye mlango, haina mlinzi. Antonio anampa Bruno feza ya tramu, anamwambia atangulie. Hataki mtoto aone. Lakini tramu inamwacha Bruno. Anageuka, na anayemwona akikanyaga pedali huku umati unamfuata kwa makelele ya mwizi, ni baba yake. Wanamkamata, wanampiga, kofia yake inaanguka chini. Mtoto anapenya kati ya miguu ya wanaume, analia, anamshika baba nguo. Mwenye baisikeli anamtazama mtoto yule, halafu anasema aachwe aende zake.

Je, Antonio aliiba kweli? Wengine watamtetea. Watamtaja Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefundisha kwamba mtu aliye katika hatari kubwa, asiye na njia nyingine, akichukua cha mwenzake ili ajiokoe, hana kosa la wizi. Fundisho hilo ni la kweli, lakini halimfikii Antonio. Hakuwa anakufa jioni ile. Tena, nani ajuaye kama mwenye baisikeli ya pili naye hakuweka mashuka yake rehani? Aliiba. Naye mwenyewe anajua. Ndiyo maana alimwondoa mtoto kwanza. Mtu asiyeona kosa hafichi.

Basi, mtoto afanye nini? Katika Kitabu cha Mwanzo, Nuhu alilewa akalala uchi. Hamu aliuona uchi wa baba akatoka kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafeti walikwenda kinyumenyume na nguo, wakamfunika bila kumtazama. Mfano huo tunaufundisha sana. Lakini Bruno hana nafasi ya kwenda kinyumenyume. Amekwisha kuona. Na heshima haiwezi kuwa ya kujidanganya kwamba hakuona, maana hapo atakuwa anaheshimu mtu wa kubuni, wala si baba yake. Bruno anaokota kofia, anaifuta vumbi, anamrudishia. Wanatembea. Baba anaanza kulia, naye ni mwanaume. Mtoto anamtazama, kisha anatia mkono wake katika mkono wa baba.

Kuna filmu nyingine ya kupima nayo hii, ya Marekani, ya mwaka 1955, iliyotengenezwa na Elia Kazan: East of Eden. Mle baba ni mtu mnyofu, msomaji wa Biblia. Mwanawe Cal anachuma feza nyingi kwa biashara ya maharagwe wakati wa vita, anamletea baba zawadi siku ya kuzaliwa kwake. Baba anaikataa, kwa kuwa ni faida iliyotokana na taabu ya wengine. Kwa hesabu ya haki, baba ana haki. Lakini mtoto anaondoka akilia kwa sauti ambayo ukiisikia huisahau. Huyu hakumwibia mtu kitu, na mwana wake amebaki kama yatima.

Sisemi kwamba afadhali baba mwizi. Nasema amri ya nne haikuandikwa kwa ajili ya akina baba wasiotuaibisha tu. Hao wangeheshimiwa hata bila amri. Na mtoto anayemheshimu mzazi aliyeanguka hamwambii kwamba alifanya vema. Anamkumbusha yeye ni nani. Mwenye baisikeli alimsamehe Antonio kwa sababu alimwona kuwa baba ya mtu. Kabla ya hapo alikuwa mwizi tu.

Wengine huniuliza: na Bruno, akikua, hataiba? Filmu haijibu. Kuna jambo jingine pia isilolijibu. Nyumbani Maria anangoja, naye atauliza. Juu ya lile kofi Bruno alikwisha kusema atamwambia mama. Juu ya baisikeli ya pili hatujui atasema nini, maana De Sica anawaacha wawili hao njiani, katikati ya watu wengi, wakienda, na nyumbani hatuingii pamoja nao.