Msimwachie Mwenye Steshenari Riziki Yenu

Wanangu,

Jumamosi iliyopita binti wa kaka yangu aliingia na viatu mpaka jikoni kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu akiwa mdogo. Hakusalimia. Alinipa simu yake nisome. Ilikuwa orodha ya walioitwa kwenye usaili wa kazi serikalini, ile ya kurasa chungu nzima, na jina lake lilikuwamo, yote matatu, kwenye kada ileile aliyoiomba. Usaili wenyewe ulikuwa umeshafanyika Dodoma siku tisa nyuma.

Nilimkalisha, nikamwekea chai, nikamwuliza ilikuwaje. Miezi saba kabla ya hapo alikwenda kwenye steshenari jirani na stendi, akamlipa kijana shilingi elfu tano "amjazie". Kijana akamfungulia akaunti kwenye mfumo wa ajira kwa barua pepe yake yeye kijana, maana binti alikuwa amesahau paswedi ya barua pepe yake. Paswedi mpya aliitunga kijana. Namba ya simu iliyoandikwa ilikuwa ya laini ambayo binti aliiacha baada ya simu kuibiwa, wala hakwenda kuirudisha. Kisha duka likafungwa na kijana akahama. Kwa hiyo ombi la mwanangu lilisoma vizuri, likapita mchujo, likaitwa, na habari zote zikaenda kwenye sanduku ambalo yeye hana ufunguo wake.

Nimelala na jambo hilo siku nne, ndipo nikaamua kuwaandikia nyote, nyinyi watoto wa kaka zangu na rafiki zenu mnaokuja kuniomba niwasomee barua zenu. Shangazi ndiye huwafunda watoto wa kaka zake mambo ya ndoa na unyumba. Hili nalo siku hizi ni la kufundwa.

Neno langu la kwanza ni hili: akaunti ni yako. Ifungue kwa mkono wako, kwa barua pepe yako, kwa namba ya simu unayoitumia. Paswedi iandike kwenye daftari uweke pale unapoweka cheti chako cha kuzaliwa. Mwenye steshenari mlipe akuskanie karatasi na akuchapie barua, hiyo ni kazi yake halali. Usimwachie kukusajili. Ukibadilisha namba ya simu, siku hiyohiyo ingia ubadilishe na kule. Na baada ya kutuma, usikae ukingoja kupigiwa. Ingia kwenye akaunti yako walau mara moja kwa wiki, na tovuti ya Sekretarieti ya Ajira ifungue kila linapotoka tangazo la kuitwa kwenye usaili. Namba yako ya usaili unaichukua kwenye akaunti hiyohiyo. Hata baada ya usaili namba yako ya simu iwe hewani, kwa sababu waliofaulu wakakosa nafasi huhifadhiwa kwenye kanzidata, na nafasi ikipatikana hutafutwa humo. Laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni huifunga na kumpa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayeitwa kwa jina lako.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu mnadhani mfumo huu wa kompyuta umeleta jambo jipya.

Nilianza kazi nikiwa karani wa masijala, nikastaafu nikiwa afisa utumishi. Zamani hizo tangazo lilitoka gazetini na maombi yalikuja kwa posta. Kwa nafasi mbili tuliwahi kupokea bahasha zaidi ya mia nne. Tulizimwaga mezani, watu watatu, tukawa na kutwa moja tu. Wanangu, asubuhi ile hatukuwa tunatafuta mtu anayefaa. Tulikuwa tunatafuta wa kuondoa. Barua haina saini, pembeni. Hakuna nakala ya cheti, pembeni. Ameomba udereva kwenye nafasi ya mhasibu kwa sababu alinakili barua ya mwenzake, pembeni. Saa sita mchana meza ilikuwa imebaki na bahasha sitini hivi, na hapo ndipo tulipoanza kusoma mtu ni nani na ameweza nini. Miongoni mwa wale mia tatu na zaidi, ninavyoamini, walikuwemo waliotuzidi sisi akili. Hatukuwajua kamwe.

Mfumo wa kompyuta umeirithi meza ile. Tena sisi tulikuwa na macho ya huruma, mara moja moja tukimwita mtu alete karatasi iliyosahaulika. Mfumo haufanyi hivyo. Kwa hiyo kabla hujafikiria namna ya kung'aa, hakikisha hujawapa wanaochuja sababu ya kukuweka pembeni.

Lisome tangazo lote. Vijana wengi husoma jina la nafasi, kiwango cha elimu na mshahara, basi. Shuka mpaka chini, kwenye masharti ya jumla, ndipo watu wanapoangukia. Kule wameandika kwamba mwombaji asizidi umri wa miaka 45. Wameandika kwamba barua ya maombi iwe imesainiwa, nayo unaweza kuiandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Wanataka wasifu wenye anwani na namba za simu zinazopatikana, pamoja na majina ya wadhamini watatu. Wanataka nakala za vyeti zilizothibitishwa na mwanasheria, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa, vya sekondari na Baraza la Mitihani (NECTA), vya vyuo na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) au Baraza la Elimu ya Ufundi (NACTVET). Na wameandika waziwazi kwamba hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi.

Hapo kwenye hati za matokeo nisimame. Mtoto anamaliza kidato cha nne, anapewa karatasi ya matokeo, anaendelea na chuo, anasahau kwamba cheti chenyewe kilikuja baadaye shuleni kikakaa kwenye kabati la mwalimu mkuu. Nimemwona kijana mwenye shahada aliyekosa nafasi kwa cheti ambacho kilikuwa kinamsubiri Kilosa miaka sita. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa ndogo kuliko bando alilotumia kutafuta kazi mwezi ule. Kama cheti chako bado kiko shuleni, Jumatatu panda basi.

Jambo lingine ni majina. Sisi watu wa Pwani na bara majina yetu yameandikwa na makarani wengi, kila mmoja kwa sikio lake. Cheti cha kuzaliwa kinasema Fatuma, cha kidato cha nne kinasema Fatma, chuoni umeongeza jina la babu, na kitambulisho cha Taifa kina jina la nyumbani. Wewe unajua ni mtu mmoja. Anayepitia ombi lako hana namna ya kujua. Zitandaze karatasi zako zote kitandani, herufi kwa herufi, uone kama zinakubaliana. Tazama na tarehe ya kuzaliwa, maana namba ya kitambulisho hicho, ile ya NIDA, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Ikitofautiana na cheti, haijifichi. Kama jina limebadilika, tafuta wakili akuandalie hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, uiambatishe. Fanya hivyo leo ambapo hakuna tangazo. Tangazo likishatoka una wiki mbili tu, na ofisi hazikimbii kwa ajili yako.

Na picha za vyeti. Mmoja wenu alinitumia cheti chake alichokipiga kwa simu: mkeka unaonekana pembeni, kidole gumba kimefunika alama ya somo la hesabu, na kivuli cha mkono kimelala juu ya muhuri wa wakili. Nikamwambia, mwanangu, hiki ndicho kitu pekee watakachokiona badala ya uso wako. Akaenda akaskani. Tofauti yake ilikuwa shilingi mia tano.

Barua iandike mwenyewe. Itaje nafasi kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, useme ulichosoma, ulichowahi kufanya, na kwa nini vitu hivyo viwili vinakufanya uifae kazi hiyo. Ukurasa mmoja unatosha. Ichape, uisaini kwa kalamu, ndipo uiskani. Siku hizi mnayo programu ya kuwaandikia barua, nami nimeziona barua zake. Zote zinasema mwombaji ni mchapakazi, mbunifu na mwenye shauku. Ukisoma kumi huwezi kujua ipi ni ya nani. Itumie kukagua tahajia ukipenda, lakini maneno yatoke kwako.

Kwenye wasifu ndipo ninapowahurumia zaidi, kwa sababu mnaficha mali yenu. Binti wa kaka yangu alisomea uhasibu. Kwa miaka miwili aliendesha kibanda cha wakala wa fedha kwa simu. Wasifu wake haukutaja kibanda hicho. Nilipomwuliza akaniambia, "Shangazi, ile si kazi." Nikamwuliza kwa siku alikuwa anashika shilingi ngapi, akasema siku nyingine milioni tatu. Je, hesabu ilikuwa inafungwa? Kila jioni, aliandika kwenye kaunta buku. Iliwahi kupungua? Mara moja, elfu ishirini, na alimpata mteja aliyezidishiwa. Basi tukakaa tukayaandika hayo: miaka, mahali, kiasi, kufunga hesabu kila siku, kusuluhisha tofauti. Mwajiri wa mhasibu anataka kusikia nini zaidi ya hapo? Tukachukua na maneno ya tangazo lenyewe, pale waliposema "kusuluhisha hesabu" nasi tukaandika "kusuluhisha hesabu", kwa sababu mtu au mashine inayochuja hutafuta maneno yaliyoombwa.

Lakini msiandike msilolifanya. Mnakumbuka Aprili 2017, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi baada ya uhakiki. Wako waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana watoto shuleni na mikopo benki. Niliketi na mmoja wao siku alipokabidhi ofisi, na sitaki kumwona yeyote kati yenu kwenye kiti kile.

Kampuni binafsi zina taratibu zake. Nyingi hupokea maombi kwa barua pepe, na huko wengi hutuma viambatisho vitupu bila neno hata moja, au hutuma ombi moja kwa kampuni ishirini kwa mkupuo na kila mmoja anaona anwani za wenzake. Tuma kwa mmoja mmoja. Kichwa cha barua pepe kitaje nafasi na jina lako, na ndani andika mistari mitano ya kujitambulisha. Faili uliite kwa jina lako. Usisubiri saa tano za usiku wa siku ya mwisho, mfumo huelemewa na umeme nao una siku zake.

Kisha matapeli. Wanasoma matangazo yaleyale mnayoyasoma, na wanajua mnavyotamani simu iite. Atakupigia mtu mwenye sauti ya ofisi, akutajie jina lako na kada yako, akwambie umechaguliwa, imebaki elfu themanini ya fomu, au ya vipimo vya afya, "tuma kwa namba hii". Mwajiri wa kweli hakutozi pesa ili akuajiri. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unawakataza hata mawakala binafsi wa ajira kumtoza mtafuta kazi. Utapeli huo ukija kwa ujumbe, upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli. Piga *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu nakala za NIDA mnaziacha kila mahali. Na nyinyi mnaoahidiwa kazi za ndani Oman na Saudia kwenye makundi ya WhatsApp, msimpe mtu pasipoti yenu kabla hamjaulizia kwa Kamishna wa Kazi kama wakala huyo ana leseni.

Najua mtaniambia kwamba bila konekisheni haya yote ni bure. Sitawadanganya. Nimekaa kwenye meza zile na nimeona karatasi zikiletwa na maneno ya pembeni, na mara nyingine nilikataa na mara nyingine sauti yangu haikutosha. Inaniuma mpaka leo. Lakini waliotolewa kwa upendeleo niliwahesabu kwa vidole, na waliojitoa wenyewe kwa barua isiyo na saini walijaza maboksi. La upendeleo tunalipigania sisi wazee na wenye mamlaka, na wajibu huo hatujautimiza. La saini liko mkononi mwako.

Binti wa kaka yangu ameshafungua akaunti yake mpya ya barua pepe, na laini ya zamani amerudishiwa kwenye duka la kampuni ya simu. Tunafuatilia utaratibu wa kurekebisha ile akaunti ya ajira ibadilishwe anwani, nami nimemwambia twende pamoja kama itabidi kwenda. Jana lilitoka tangazo jingine la kada yake, mwisho ni tarehe 14. Barua ameanza kuiandika, ipo hapa mezani kwangu, ina aya mbili. Yeyote kati yenu anayetaka kusomewa ya kwake ailete. Jioni nakuwepo, na taa siizimi kabla ya saa nne.